Masta ya saikolojia ya elimu na watoto wa Januari 2028

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp, la walimu tuliomaliza pamoja, mtu katupia tangazo la udahili wa masomo ya uzamili la chuo kimoja cha umma hapa hapa Dar, na katikati ya orodha ndefu ya kozi ilikuwepo ya saikolojia ya elimu. Mwenzetu mmoja anayefundisha shule ya msingi kule Mbagala akaandika "hii naiomba". Basi. Dakika tano hazijaisha majibu yakaanza kumiminika, mmoja anamuuliza kama anaenda kutibu vichaa, mwingine anamwambia bora asome uongozi na utawala maana huko ndo kuna ukuu wa shule, mwingine kaweka tu vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na mwalimu mkuu mmoja mstaafu ambaye sote tunamheshimu akaja na sauti ya dakika mbili akieleza kwamba nchi ina upungufu wa madawati na vyoo, hayo mambo ya saikolojia ni ya nchi zilizoshiba. Mwenzetu akajibu "sawa mzee wangu, nimekusikia" na stori zikahamia kwenye kikokotoo cha pensheni.

Ile sauti ya mzee nimekaa nayo siku mbili. Na nadhani kwenye grupu lile hakuna aliyepatia, hata mwenzetu mwenyewe anayeitaka kozi sina hakika kama anajua anaitakia nini. Kwa ninavyoona mimi, toka sera mpya ya elimu ianze kutekelezwa, swali la mtoto huyu anajifunzaje na apelekwe wapi limetoka kwenye mitihani ya chuo likawa uamuzi wa serikali unaomgusa kila mzazi, na watu wanaofundishwa hasa kulijibu ni hao hao wa saikolojia ya elimu. Kwa hiyo masta ambayo kwa miaka mingi watu wameichukulia kama ngazi ya kupandia mshahara, au tiketi ya kwenda kufundisha chuoni, sasa hivi inahitajika mashuleni kuliko kipindi chochote. Ila, na hapa ndo nitagombana na wasomi wenzangu, kwa namna vyuo vyetu vya umma vinavyoifundisha haijawa tayari kwa hiyo kazi, tunatoa watu wanaojua kuandika kuhusu watoto lakini hawajawahi kukaa na mtoto mmoja saa nzima wakamsikiliza. Wanaocheka wana haki ya kucheka, wanachekea tu kitu ambacho sicho.

Turudi nyuma kidogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ambayo Rais aliizindua Dodoma mwanzoni mwa 2025, ina mambo mengi lakini mawili ndo yananihusu hapa. La kwanza, elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, yaani ule mlango wa darasa la saba uliokuwa unawamwaga watoto njiani unafungwa. La pili, sekondari imegawanywa mikondo miwili, wa jumla na wa amali, mtoto akifika form one ama anasoma masomo kama tuliyosoma sisi ama anachanganya na fani, iwe uashi, umeme, ushonaji, kilimo, upishi na kadhalika. Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027, mwaka huo huo ambao darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani nalo linamaliza. Piga hesabu mwenyewe. Januari 2028 makundi mawili yanagonga hodi form one kwa wakati mmoja, na kila mtoto kati yao lazima apelekwe mkondo fulani.

Mjadala karibu wote umekuwa wa karakana. Vyerehani viko wapi, mwalimu wa kuchomelea atatoka wapi, umeme utatosha, na ni mjadala wa haki kabisa siudharau. Lakini nani anaamua mtoto gani aende wapi, na anaamua kwa kuangalia nini, hilo hata redioni silisikii. Kinachoamua mambo mengi kwetu ni alama za mtihani, shule iliyo karibu na mfuko wa mzazi, na tusidanganyane, mzazi wa Masaki hatakaa akubali mwanae apelekwe kwenye uashi eti kwa sababu ya alama, atatoa hela atamtafutia shule anayoitaka. Atakayepelekwa bila kuulizwa ni wa Mbagala na wa Chanika. Hapo amali itakuwa jina jipya la kufeli, na mafundi wazuri ambao nchi inawahitaji kweli watasomea ufundi wakiwa wameinamisha vichwa.

Uingereza walishaipita hii njia. Sheria yao ya elimu ya 1944 ilizaa sekondari za aina tatu, za kitaaluma, za ufundi na za kawaida, mtoto anapangiwa kwa mtihani akiwa na miaka kumi na moja. Kwenye makaratasi zote zilikuwa na hadhi moja. Za ufundi zikajengwa chache mno, za kawaida zikawa ndo makao ya waliofeli, na kufika 1965 serikali yenyewe ikawa inaziomba halmashauri zianze kuachana na ule mpango. Na nyuma ya ule mtihani kulikuwa na wanasaikolojia, aliyevuma zaidi akiwa Cyril Burt, ambaye 1913 aliajiriwa na baraza la jiji la London na ndo anahesabika mwanasaikolojia wa kwanza kule kuajiriwa kwa ajili ya shule. Burt aliamini akili mtu anazaliwa nayo, unaipima mara moja umemaliza. Alifariki 1971 na baada ya hapo yakaibuka madai mazito kwamba sehemu ya takwimu zake za mapacha alizipika. Najua habari hii inanichongea mwenyewe, mtu anaweza kuniambia si unaona, wanasaikolojia wenyewe ndo walioharibu. Kweli waliharibu. Wafaransa Alfred Binet na Simon walipotengeneza kile kipimo cha kwanza cha akili Paris 1905 lengo lilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani, na Binet alikataa kabisa kusema ile namba ndo akili ya mtoto maisha yake yote, ila waliokuja nyuma yake, hasa Marekani, wakaigeuza muhuri wa kugonga kwenye paji la uso. Ndo maana naogopa zaidi kipimo kikishikwa na mtu asiyejua kilikotoka. Na kipimo tutakishika tu, tunacho tayari, kinaitwa mtihani wa taifa.

Sasa hapa kwetu hii fani imekaaje. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa chini ya University of London, kikawa chuo kamili cha taifa 1970, na mpaka leo pale Shule Kuu ya Elimu idara inayohusika imebeba mizigo miwili kwa pamoja, saikolojia ya elimu na mitaala. Ule muunganiko unaeleza mengi. Saikolojia kwetu iliingia kama msaidizi wa ualimu, sio kama kazi inayojitegemea, wa kutibu wako Muhimbili ambako wanafundisha saikolojia tiba kwenye ngazi hiyo hiyo ya masta, kwa hiyo suala la vichaa tulifunge hapo. Kila aliyesomea ualimu kakutana na saikolojia ya elimu kwenye ukumbi uliojaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, kakariri hatua nne za Piaget za ukuaji wa akili ya mtoto, kamjua Vygotsky kwa neno moja na Skinner kwa panya wake, kaenda TP (mazoezi ya kufundisha), karudi, kapata B yake kasahau. Simlaumu mtu. Watu mia nne na spika moja inayokwaruza huwezi kufundisha namna ya kumsikiliza mtoto. Kwa hiyo mahali pekee ambapo hii elimu ingeweza kutulia ikaingia mwilini ni masta, ambako darasa lina watu kumi na mbili au ishirini.

Na kwenye masta kinachofanyika ni nini? Mwaka wa kwanza masomo, mwaka wa pili tasnifu, hiyo ni kwenye makaratasi maana kiuhalisia wengi wanaenda mitatu. Unaandika proposo, supavaiza anairudisha na wino mwekundu, unaandika tena, unaitetea, unasubiri barua ya chuo kwenda kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), ya RAS kwenda wilayani, ya wilayani kwenda kwa mkurugenzi, ya mkurugenzi kwenda kwa mwalimu mkuu, ukifika shuleni umebakiza wiki mbili mitihani ianze na mwalimu mkuu anakwambia karibu, una dakika arobaini, darasa la tano hilo hapo. Unagawa dodoso watoto wanajaza unaondoka. Hizo dakika arobaini mara shule nne au tano ndo muda wote ambao mtaalamu wetu wa saikolojia ya elimu amekaa na watoto katika kuupata huo utaalamu.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo, na kuna kitu kimoja sijakisahau. Dodoso langu lilikuwa limetungwa Marekani, linapima imani ya mtoto juu ya uwezo wake, nikalitafsiri mimi na kamusi na mwenzangu wa isimu. Sentensi moja ilikuwa inasema "naamini naweza kumaliza kazi ngumu hata nikichoka", halafu visanduku vitano toka sikubaliani kabisa mpaka nakubaliana kabisa. Nusu ya darasa walitiki nakubaliana kabisa mwanzo mwisho, maana kwao karatasi ya visanduku ni mtihani na kwenye mtihani jibu zuri lazima lipo. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono, "mwalimu, kazi ipi, ya hapa au ya nyumbani?" Nikamwambia yoyote. Akasema ya nyumbani anaweza, anaamka saa kumi anakoroga unga wa vitumbua na mama yake, anakaanga, anafunga vya oda za watu, anahesabu chenji, ndo anakuja shule, ila ya hapa hawezi, hesabu zinamshinda. Nikamwambia jaza unavyoona. Akatiki sikubaliani. Usiku nikamwingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu, kama namba 2, mtoto mwenye imani ndogo juu ya uwezo wake. Nilipata masta yangu kwa namba kama zile. Supavaiza alisema uchambuzi uko vizuri.

Mtoto anayehesabu chenji ya vitumbua alfajiri na kushindwa hesabu saa tatu asubuhi ndo swali zima la hii fani, na sio jipya hata hapa kwetu. Kuna utafiti ulifanyika Bagamoyo, ukachapishwa 2002, mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake wakiwemo Watanzania, kwa watoto wa shule za vijijini wa miaka kumi na moja mpaka kumi na tatu. Badala ya kuwapa mtihani mara moja na kuondoka waliwapima, wakawafundisha kidogo namna ya kulishughulikia swali la aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda, na kilichonishika mimi zaidi ni kwamba mpangilio wenyewe ulibadilika, aliyekuwa nyuma kwenye kipimo cha kwanza hakuwa lazima abaki nyuma kwenye cha pili, wakati kwa wale ambao hawakufundishwa chochote mpangilio ulibaki karibu vile vile. Mafundisho mafupi tu, Bagamoyo hiyo, mwendo wa daladala toka Makumbusho. Mwaka mmoja kabla ya hapo Sternberg na baadhi ya wenzake hao walikuwa wamechapisha kazi nyingine ya Usenge, Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria, wakaona watoto wanaojua sana dawa za asili za kutibu minyoo na homa ndo walielekea kupata alama za chini kwenye vipimo vya msamiati, maana muda wao ulikuwa umewekezwa kwingine. Sasa chukua hayo mawili uyaweke mbele ya mtu wa kupanga mikondo. Alama ya siku moja inakwambia mtoto kafundishwa nini na wapi, inakwambia kidogo sana anaweza kufika wapi akifundishwa, na mtoto wa vitumbua ukimpeleka kwenye upishi kwa sababu kafeli hesabu unaweza ukawa umemzika mhasibu, au unaweza ukawa umempata mfanyabiashara wa hoteli, hujui, na hujui kwa sababu hujamuuliza.

Haya, tuje kwa wapinzani. Wapo wa aina nyingi na hawalingani uzito.

Hoja nyepesi kuliko zote, na ndo inayopigiwa makofi sana, ni ile ya sisi mbona tulisoma bila saikolojia, tukachapwa, na tumekuwa watu. Nani "tuliosoma"? Anayeongea hivyo ni yule aliyepenya. Wale walioacha shule darasa la tano kwa kuogopa fimbo hawapo kwenye grupu letu la walimu kutoa ushuhuda, wako kwenye mambo mengine huko au wameshatangulia mbele za haki. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka kumi na nane, na walimu walikuwemo kwenye orodha ya waliowafanyia. Kanuni zetu wenyewe za adhabu ya viboko zinasema visizidi vinne na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, aliyewahi kusoma shule ya kawaida anajua hiyo kanuni inaishi wapi. Halafu tuchukue mfano wa mtu aliyefaulu kweli kweli. Erasto Mpemba, 1963, akiwa mwanafunzi Magamba Sekondari kule Tanga, aligundua wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wa moto uliganda kabla ya uliopoa, akamuuliza mwalimu wake akaambiwa umechanganyikiwa, na darasa likawa linamcheka, kila akikosea wanaiita fizikia ya Mpemba. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha hapa Dar, kuongea na wanafunzi, Mpemba akarudia swali lile lile mbele ya watu, Osborne hakucheka, alirudi Dar akalijaribu, na 1969 wakachapisha pamoja. Dunia nzima inaita jina lake. Ukisema alifaulu bila saikolojia mimi nasema alifaulu kwa sababu alipata mtu mmoja aliyechukulia swali la mtoto kama taarifa, na ni wangapi walikuwa na swali zuri ambao Osborne hakupita shuleni kwao.

Hoja ya pili, kwamba haya ni mambo ya wazungu, ina ukweli nusu na dodoso langu ni ushahidi. Lakini dawa ya nguo isiyokutosha ni fundi cherehani, huwezi kutembea uchi kwa hasira. Bagamoyo na Usenge zinaonesha kipimo kinaweza kuzaliwa hapa. Tatizo letu ni kwamba tunasoma kuhusu mtoto anayeongea Kiswahili, tunaongea naye kwa Kiswahili, halafu tunaandika tasnifu yote kwa Kiingereza, na kwenye kutafsiri kwenda na kurudi ndo anapotea. Yule binti hakusema neno lolote linaloweza kukaa kwenye sanduku lolote kati ya yale matano. Alisema sentensi nzuri kabisa yenye saa, unga, mama na chenji, na kwenye sura ya nne ya tasnifu yangu haimo.

Inayobaki ni hoja ya mzee wetu mstaafu, na hiyo ndo ngumu. Darasa la watoto mia na ishirini, mwalimu mmoja, wewe unaniambia habari za mwanasaikolojia? Hela ya kumlipa si ingenunua madawati? Halafu anasomea nini wakati walimu waliomaliza wamejaa mtaani, usaili wa ajira za walimu wa 2025 tumeona foleni zake, na sijawahi hata siku moja kuona tangazo la serikali linalotafuta mwanasaikolojia wa shule kwa jina hilo. Hapa sina majibu mepesi. Kwenye shule nyingi mwalimu wa ushauri na unasihi ndo anatakiwa afanye haya, lakini anateuliwa kwa sababu ni mama na ni mpole, vipindi vyake havipunguzwi hata kimoja, na shule moja niliyowahi kufundisha chumba cha unasihi kilikuwa ndo stoo ya majembe na mipira, ukitaka kumshauri mtoto mnakaa kwenye ndoo. Watoto walikuwa hawaji, na mimi ningekuwa mtoto nisingekuja, mlango haufungi na dirisha linatazama foleni ya uji.

Ila angalia mzee anachokisema kimegeuka vipi toka 2024. Kama serikali ingekuwa haijaamua kugawa mikondo ningemkubalia, tungesubiri. Serikali imeshaamua kugawa, kwa hiyo kazi ya kupanga mtoto inafanyika tupende tusipende, kuna mwenye utaalamu au hayupo, na ukikosea kumpanga mtoto mmoja gharama yake haionekani kwenye bajeti ya madawati, inaonekana miaka sita mbele mtu akiwa kaacha fani kaingia kuendesha bodaboda. Na hakuna anayedai tuwe kama Marekani, ambako chama cha wanasaikolojia wa shule kinapendekeza mmoja kwa wanafunzi 500 na hata wao hawajafika huko. Mimi naongelea mmoja kwa kata mbili tatu. Maafisa elimu kata walishapewa pikipiki 2018, mfumo wa mtu mmoja kuzunguka shule kadhaa tunao na tumeuzoea, aongezwe mtu wa pili kwenye ile njia, apewe darasa la tano na la sita tu, kazi yake mwaka mzima iwe kujua watoto wanaokaribia kuchagua mkondo, wanaweza nini nyumbani na shuleni, wanapenda nini, nani haoni vizuri ubaoni na anadhaniwa ni mzito, huyo wa mwisho peke yake wangapi.

Lakini huyo mtu wa pili lazima awe anaweza, na hapo ndo narudi chuoni. Marekani mwanasaikolojia wa shule anatakiwa afanye mafunzo kazini masaa 1,200 kabla ya kuhitimu. Afrika Kusini saikolojia ya elimu ni fani inayosajiliwa, una masta halafu una miezi kumi na miwili ya kufanya kazi chini ya mtu aliyesajiliwa. Sisi tuna dakika arobaini mara shule nne. Siombi masaa 1,200, naomba muhula mmoja. Chuo cha umma hapa Dar kimezungukwa na shule za msingi unazoweza kwenda kwa miguu, mwanafunzi wa masta akapewa watoto kumi wa shule moja awafuatilie muhula mzima, akae nao, aende kwao akaone vitumbua, aandike ripoti ya kila mtoto kwa Kiswahili ambacho mama yake anaweza kuisoma na kuipinga, na hiyo ripoti ihesabike alama sawa na tasnifu. Wenzangu wa chuoni watasema ubora wa kitaaluma utashuka. Nadhani utapanda, maana kuandika kurasa mbili ambazo mama wa mtoto atazisoma na kusema "hapa umemwelewa mwanangu" ni kazi ngumu kuliko kurasa mia moja ishirini ambazo anazisoma mtahini wa nje peke yake. Kuna ubishi mwingine wa haki kwamba mtu mwenye ripoti za watoto anaweza kuzitumia vibaya kama Burt, na ndo sababu nyingine ya mama kuisoma.

Hesabu ya muda nayo haitusubiri. Anayeanza masta mwaka huu, kama mambo yakimwendea kama yalivyotuendea wengi, anamaliza wale watoto wa makundi mawili wakiwa wameshapangiwa shule, na wa kwanza kukutana na hasira za wazazi watakuwa walimu wakuu ambao hawana cha kuwajibu zaidi ya kufungua karatasi ya matokeo na kuonesha alama kwa kidole.

Mwenzetu wa Mbagala jana kanitafuta pembeni. Hakuwa na hamu ya kubishana na mzee kwenye grupu ila fomu kaijaza. Tatizo lake ni ruhusa ya masomo, mkuu wake kamuuliza akirudi na hiyo masta atakuwa anafundisha nini tofauti, akakosa cha kusema, akaambiwa aandike maelezo ya nusu ukurasa ndo barua ipelekwe kwa mkurugenzi. Kaniomba nimsaidie kuyaandika. Nimemwambia aanze na watoto wake wa darasa la tano, majina kumi, na mbele ya kila jina aandike anachokijua kuhusu huyo mtoto mbali na alama. Kafika jina la nne kakwama, kaniambia nimpe mpaka Jumatatu.